Kichwa cha Treni Kisicho na Sauti

Ghorofa ya pili, mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba wifi amepona kile kikohozi alichokuwa akikohoa kwenye simu mpaka kifua kikaniuma mimi. Sisi huku wazima, kwa maana kwamba tunakula, tunalala na tunagombana kama kawaida. Usinicheke mwandiko. Tangu nianze barua hii nimeshainuka mara sijui ngapi: mara pasi, mara mlango, mara kuchungulia dirishani bila sababu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu shemeji yako anasikia kila neno, na mengine nataka niyaseme bila yeye kunisahihisha.

Macho yake yameisha, ndugu yangu. Ile presha ya macho uliyoiacha ikiwa mwanzoni imemla polepole, sasa anaona mwanga na vivuli basi. Kazini walimstaafisha kwa heshima, wakampa zawadi ya saa ya ukutani, mtu asiyeona. Hilo alilicheka. Lililomshinda ni kukaa. Mtu aliyezoea kuendesha treni ya mizigo, leo huku kesho kule, utamkalishaje kwenye kochi? Kutwa alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, anajigonga kwenye meza ya cherehani, ananung'unika, anageuka. Mimi nashona sare za shule, sindano inakwenda, na yeye anakwenda. Nyumba nzima haitulii.

Halafu akaanza kutoroka. Natoka kununua uzi, nikirudi sikuti mtu. Mara ya mwisho alirudishwa na muuza magazeti wa pale kona, amemshika kiwiko, suruali imejaa vumbi. Alikuwa amekwenda peke yake mpaka kwenye geti la reli kusikiliza treni ya mizigo ikipita. Pikipiki ikampitia ubavuni, akaanguka kando ya reli, na muuza magazeti ndiye aliyemvuta. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, akaongeza kuwa treni haikuwa mbali.

Tangu siku hiyo nikawa nafunga mlango kwa nje kila nikitoka. Najua utasemaje. Yeye mwenyewe alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti: "Mke wangu, mimi nimepofuka, sijahukumiwa." Baada ya hapo, kimya. Chakula alikula, salamu aliitikia kwa kichwa, lakini maneno yalikwisha, na kule kutembea kwake kukazidi.

Ndipo nikakumbuka gemu lako la treni. Uliliacha kwenye ile kompyuta ya sebuleni, ambayo nilikuwa nimeifunika kitambaa na kuifanya meza ya maua. Nikaipangusa vumbi, nikaiwasha, nikamkalisha mbele yake, nikamwekea vidole kwenye kibodi. Nikachagua treni ya kwanza niliyoiona. Alisikiliza kidogo, akasema, "Hilo ni friji," akainuka.

Hakukosea. Vichwa vyote vilivyokuja na gemu ni vya umeme, vinavuma tu. Nikaingia mtandaoni, kwenye jukwaa la wachezaji wa gemu hilo, kutafuta kichwa cha dizeli cha aina aliyoendesha yeye. Kumbe kuna watu wanaotengeneza vichwa vya ziada nyumbani kwao na kuvigawa bure. Nikakipata, na ile pua yake ndefu na ngazi zake za pembeni. Nikakipakua kama ninayeiba.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kwanza hakikuonekana kabisa kwenye orodha ya treni. Nikakipakua upya, nikazima kompyuta, nikaiwasha, wapi! Kumbe nilipokifungua kile kifurushi, folda ilijitumbukiza ndani ya folda nyingine yenye jina lilelile, na gemu likifungua ya juu linakuta hamna kitu. Nikaitoa ile ya ndani, nikaiweka inapostahili, kikatokea.

Kikatokea, lakini hakiendi. Breki zimekaza, mshale wa hewa umelala kwenye sifuri. Nikawa nasema peke yangu kwamba hewa haipandi, na shemeji yako, kule dirishani, akajibu, "Umewasha kompresa?" Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa muda mrefu, na wala hakugeuza shingo. Mtengenezaji alikuwa ameweka swichi ya kompresa, ile pampu ya hewa inayoachia breki, lakini herufi ya kuiwasha kwenye kibodi ilikuwa imeshachukuliwa na taa za ndani. Nikabadilisha herufi, hewa ikapanda, breki zikaachia, treni ikaanza kusogea.

Kimya. Mdogo wangu, treni nzima inatembea kimya kama samaki. Magurudumu yanazunguka, moshi unatoka, mabehewa yanafuata, sauti hakuna. Mwenye macho angesema si neno. Kwa huyu wangu, mbele yake palikuwa na meza tu. Aliniuliza kama imeondoka, nikasema imeondoka. Akasubiri, uso kaugeuzia kwenye spika, halafu akasema asante, kwa adabu ya mgeni aliyepakuliwa chakula asichokipenda. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Kwa siku kadhaa sikushona kitu. Sare zikarundikana, mwalimu mkuu akapiga simu, nikamdanganya kwamba cherehani ni mbovu. Nilikuwa nafungua mafaili ya kichwa kile moja moja, kama ninayefumua gauni kutafuta mahali linapovuta. Mwishowe nikauona mstari wenyewe. Mtengenezaji hakuweka sauti yoyote. Aliandika tu kwamba kichwa chake kiazime sauti za kichwa kingine, ambacho alidhani kila mchezaji anacho. Sisi hatuna. Nikamwandikia, akajibu kwa upole kwamba hicho kingine kimeshaondolewa mtandaoni na yeye hana nakala. Ila alinielekeza jinsi ya kuugeuza ule mstari uazime sauti popote ninapotaka.

Nikaugeuza kwenye sauti za dizeli nyingine. Ikanguruma. Nikamwita, akasikiliza kuliko siku zote, kichwa amekiinamisha.

"Hii ni dizeli," akasema, "lakini si yangu. Yangu ukiifikisha nochi ya nne inaguna."

Nochi ni zile hatua za mkono wa mafuta. Nikamuuliza inaguna vipi, akaiiga, na tukajikuta tunacheka wote wawili kama wajinga. Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa: "Twende tukaichukue."

Unamkumbuka Kijiko, msaidizi wake wa zamani, yule mwembamba aliyekuwa akija hapa na kumaliza sufuria. Siku hizi ni dereva wa yadi, anapanga mabehewa, na kichwa anachotumia ni cha aina ileile. Nikampigia. Kijiko akamwomba msimamizi wake, msimamizi akakubali mradi tuvae fulana za njano na tusisogee bila kuambiwa. Nilikuwa natumaini angekataa, nakwambia ukweli. Njia nzima ya kwenda yadini niligeuka nyuma kutazama pikipiki, huku nadhani namwongoza, kumbe mimi ndiye ninayevutwa.

Kijiko aliposhuka kwenye injini alisimama mbele yetu kama aliyesahau namna ya kusalimia mtu. Shemeji yako alisikia viatu. "Bado unaburuta miguu," akamwambia, na Kijiko akamkumbatia, mafuta ya mashine na yote.

Tukasimama tulipoonyeshwa, simu yangu inarekodi, nimeivika soksi kuzuia upepo. Kijiko akapanda juu. Kwanza injini ikawa inapumua tu, halafu nochi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kokoto zikatetemeka chini ya nyayo. Ya nne ikaguna. Kweli iliguna, kama ng'ombe anayeinuka. Nikamtazama mume wangu. Mikono ilikuwa imejikunja hewani, mmoja kwenye mafuta, mwingine kwenye breki, na alikuwa amesimama wima, hasogei. Tangu macho yaanze kuisha sikuwa nimemwona amesimama bila kusogea.

Nyumbani nikazikata sauti zile na kuziunganisha kama pindo, mpaka kiungo kisisikike. Kasoro imebaki moja. Kwenye ile ya injini ikipumua, yeye mwenyewe anasikika akimwambia Kijiko, "Taratibu, bwana." Na kwa kuwa sauti hiyo hujirudia, kila treni inaposimama stesheni utasikia: taratibu, bwana, taratibu, bwana. Nilitaka kuikata. Amekataa katakata; anasema treni bila mtu wa kuigombeza haiendi.

Sasa tunaendesha wote. Mimi namsomea taa na mwendo, yeye anashika breki kwa kusikiliza. Nikichelewa kusema nyekundu ananikaripia kama msaidizi wake. Mlango sifungi tena. Lakini usidhani nimetulia. Amepata fimbo nyeupe na anataka atoke kila siku, na mimi roho iko juu juu. Sindano imeshanichoma vidole kwa kusikiliza ngazi.

Jana alitoka peke yake kwenda kwa kinyozi. Nilisema sawa. Alipofika chini nikavua viatu asinisikie, nikamfuata. Alikwenda polepole, fimbo inagonga ukuta, akasimama kwenye mfereji, akaupima, akauvuka. Mimi nyuma yake peku, nimeziba mdomo kwa mkono. Karibu na kwa kinyozi akasimama, na bila kugeuka akasema, "Vaa viatu, mama. Hapa pana vipande vya vioo."

Nisalimie wifi, na wale wanangu wawili, hasa Kibogoyo. Mwambie shangazi anasubiri picha meno yakiota. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija uje na masikio. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi isiyowavunja migongo, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye hata usipojibu barua,

Dada yako, fundi cherehani.