Nyundo Asipigiwe Kengele

2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na miguu imekubali kuingia kwenye kiatu walau siku moja moja. Au bado ni ndala mpaka kwenye harusi za watu?

Mimi mzima, ukiacha vidole. Cha shahada kimegoma kabisa kukunjika, na cha kati kinamfuata mwenzake. Hapa karakana ya meno ya bandia wamenitoa kwenye meza ya kuchonga, wameniweka mapokezi. Siku nzima nauliza watu kama wamekuja kwa meno ya juu au ya chini. Aliyekalia kiti changu anachonga gego kama kiazi, na mimi naona kwa macho yangu, siwezi kumpokonya kisu. Jioni nahudhuria kozi ya uamuzi wa mpira wa magongo. Gongo sitashika tena, lakini filimbi hupigwa kwa mdomo.

Sasa nimesikia jambo, naomba uniambie ni uzushi. Wanasema timu yenu imemsajili Nyundo.

Mjomba, huyo ndiye aliyenivunja. Mpira nilikwisha kuutoa, ulikwisha fika kwa mwenzangu, uwanja mzima unautazama. Yeye akateremsha gongo juu ya mkono wangu kama anayepigilia msumari, akaenda zake. Mwamuzi naye alikuwa anatazama mpira.

Huko kwenu kila mchezaji akiingia uwanjani unampigia ile kengele yako. Ulinieleza mwenyewe, nikiwa mdogo, kwamba asiyepigiwa si mchezaji wenu, ni mpita njia. Basi huyo asipigiwe. Sina ombi lingine.

Mpwa wako


13 Februari

Mwanangu,

Nimeipokea salamu yako nami nairudisha ikiwa na uzito ule ule. Miguu inauma asubuhi, mchana inasahau, jioni inakumbuka. Ndala ndizo viatu vyangu sasa. Kinyozi wetu ananiita Mheshimiwa Vidole Nje.

Si uzushi. Walimleta wiki iliyopita. Ni mwanamke mrefu, mabega kama mlango, na anaongea taratibu kama mtu mpole.

Washabiki wamegawanyika, nami nitakueleza jinsi walivyogawanyika maana ni jambo la kusomwa. Kinyozi, ambaye mwaka jana alidai Nyundo afungwe jela, sasa anasema, "Akiwa kwao alikuwa mhuni. Akiwa kwetu ana moyo wa mchezo." Muuza magazeti akamjibu, "Moyo upo, shida ni mikono." Kinyozi akaongeza kwamba Nyundo na karakana ya meno ya bandia waingie ubia, mmoja ang'oe, mwingine apachike. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hawajui kuwa nina mpwa mwenye vidole viwili visivyokunjika, na sijawaambia. Kisasi kikitangazwa kinakuwa kelele tu.

Kengele ile nilipewa na shule siku nilipostaafu. Ni ya shaba, ilishaita watoto darasani kabla sijazaliwa. Nakuapia juu yake: haitalia kwa ajili ya Nyundo.

Mjomba wako


20 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima na kozi inaenda vizuri. Hapa nyumbani salama, ila paa la jikoni limeanza kuvuja juu ya mahali pangu pa kusomea.

Ahadi nimeitimiza. Wanaingia mmoja mmoja, nampigia kila mmoja, akifika Nyundo naibana kengele kwapani. Mara ya kwanza watu walidhani nimesahau. Mara ya tatu walielewa, wakaanza kunitazama mimi badala ya uwanja.

Juzi alikuja kwangu. Alipiga hodi, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda ingawa kiti kilikuwepo. Akasema, "Mwalimu, kengele yako ina ugomvi gani na mimi?"

Nikamwambia, "Ulimvunja msichana vidole."

Akafikiri. Alifikiri kweli, sikudhani anajifanya. Kisha akauliza, "Yupi?"

Akasema, "Nimegonga vidole vingi, Mwalimu. Na vyangu vimegongwa. Siwakumbuki wote." Akainuka, akaniaga kwa adabu zote.

Nimekuandikia neno hilo kama lilivyo kwa sababu nadhani ni haki yako kulijua.

Jambo jingine, kwa kuwa unasomea. Unajua kadi ya kijani ni onyo, mchezaji anatoka kidogo na kurudi. Njano anatoka kwa muda mrefu zaidi. Nyekundu harudi kabisa. Nyundo ameshaonyeshwa rangi zote tatu mara nyingi hivi kwamba kamati imempa barua: nyekundu moja tu msimu huu, anafungiwa miaka miwili. Kwa umri wake, huko ni kustaafishwa.

Mjomba wako


1 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nami ni mzima. Weka sufuria hapo panapovuja, vitabu vihamie chumbani.

Mjomba, kadi nimezisomea, nina cheti sasa, usinifundishe rangi. Lakini hilo la miaka miwili sikulijua. Asante kwa kunieleza.

Neno lile nimelisoma mara nyingi. Kila mtu anayekuja mapokezi namwandikia jina kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea, na kila nikimaliza jina nasikia: Yupi. Nilikuwa nadhani ananichukia. Kuchukiwa ningekuvumilia, maana anayekuchukia anakujua.

Endelea kuibana kengele.

Mpwa wako


12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wiki hii nilikuwa na mafua, yameisha.

Jumamosi tulikuwa wengi karakana, tukifuatilia nusu fainali yenu redioni. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwamba Nyundo amezuia bao kwa kifua. Nyuma ya sauti yake nikasikia kengele. Watu wengine walisikia kelele tu. Mimi naijua kengele yako, ina mkwaruzo kidogo mwishoni.

Niambie ilianguka.

Mpwa wako


19 Julai

Mwanangu mpendwa,

Nafurahi kwamba mafua yameisha. Mimi afya ipo, usingizi ndio haupo.

Haikuanguka. Nitakueleza ilivyokuwa, si kujitetea, bali kwa sababu ukielezwa nusu utaijaza nusu nyingine kwa hasira.

Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja na muda umeisha, imebaki kona fupi yao. Katika kona fupi, kama ujuavyo, mabeki hukimbia kutoka golini kwenda kuukabili mpira unaopigwa kwa nguvu zote. Wenzake watatu walikimbia huku wamegeuza nyuso. Nyundo peke yake alikimbia macho wazi. Mpira ukampiga hapa, chini ya shingo, nikausikia mlio wake nikiwa mstarini. Akaanguka juu ya mpira, akaupiga nje akiwa bado amelala. Jukwaa zima likasimama. Muuza magazeti, ambaye humwita jambazi kila Jumamosi, alikuwa analia. Mkono wangu ulipiga kengele bila kuniuliza. Nilipoitazama ilikuwa inaendelea kulia.

Baadaye kinyozi alinishika bega: "Hatimaye, Mwalimu." Nilitaka kumpiga nayo.

Tumeingia fainali. Nisamehe, au niambie utanipa adhabu gani.

Mjomba wako


9 Agosti

Mwanangu,

Sijapata jibu. Kama barua yangu ilipotea, ilisema nisamehe. Kama haikupotea, hii inasema vile vile.

Mvua imeacha, paa limezibwa. Fainali ni mwisho wa mwezi, hapa kwetu. Njoo ukae karibu nami. Kengele utaishika wewe.

Mjomba wako


30 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Hali yako siiulizi kwa kuwa nilikuona. Ndala zile zile, kofia imechakaa. Nilikuona pia uliponitambua: kengele ilikuwa juu, ikabaki juu.

Kimya changu kilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ni kwamba walinipangia kuchezesha fainali, na mwamuzi haandikiani na mwenyekiti wa washabiki, nawe ndiye. Sheria hiyo niliishika. Nyingine, ya kusema kama nina ndugu kwenye jukwaa, niliiruka. Fomu haikutaja wajomba.

Kabla ya mchezo nilikagua magongo, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Nyundo alinikabidhi lake kwa mikono miwili. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu, nikimpa nafasi. Akautazama mkono wangu uliolishika gongo kwa shida. Akasema, "Pole dada. Ajali ya gari?"

Nikamwambia, "Ya gongo."

"Haya magongo haya," akasema, akatikisa kichwa, akaenda kusimama mahali pake.

Mpaka hapo, Mjomba, nilikuwa sijaamua. Ukiniamini katika neno moja tu, amini hilo.

Nilichezesha vizuri mpaka robo ya mwisho. Waulize. Kisha akaja yule mshambuliaji wao pembeni, mbele yako kabisa, na Nyundo akamtelezea. Ulichokiona ndicho kilichotokea. Gongo lake liligusa mpira, mpira tu, kwa ufundi ambao nikiwa mwanafunzi ningeuigiza nyumbani mbele ya kioo. Mshambuliaji alijikwaa kwenye mguu wake mwenyewe, akapiga yowe. Nilikuwa karibu, jua lilikuwa nyuma yangu, sikuzibwa na mtu.

Wewe uliandika kwamba mkono wako ulipiga kengele bila kukuuliza. Mimi wangu niliuuliza. Ukasema ndiyo. Nikaingiza vidole hivi hivi mfukoni, vikaivuta nyekundu kwa tabu, watu wakadhani nasita.

Alitoka bila kubishana. Alidhani nimekosea, akanionea huruma. Mkafungwa mabao mawili.

Najua klabu imekata rufaa, na najua wewe ulikuwa mtu wa karibu zaidi pale mstarini. Wakikuita, sema ulichokiona. Sikuombi lolote. Mara ya mwisho nilipokuomba kitu, niliishia kukisikia redioni.

Mpwa wako


14 Septemba

Mwanangu,

Miguu ina nafuu. Najibu swali ambalo hukuliuliza.

Kamati ilikaa jana, kwenye darasa la shule niliyofundisha. Wazee wazima tulikalia viti vya wanafunzi, magoti yakigonga meza. Mwenyekiti wake ni mtoto niliyemfundisha jiometri, na mpaka leo huninyooshea mkono kabla ya kuongea, kisha hujigundua, akaushusha.

Kinyozi aliapa kwamba Nyundo ameonewa, lakini alikuwa upande wa pili wa uwanja. Muuza magazeti akasema, "Safari hii hakugusa. Lakini mara zile alizogusa watu, nani aliwaitia kamati?" Wakaanza kurushiana maneno. Mji mzima uko hivyo sasa. Wanaotaka arudi wanaona haya kusema kwa nini, na waliofurahi kwamba ameondoka wanaona haya kusema tumelikosa kombe. Nyundo alikaa nyuma karibu na dirisha, kimya, alama ya mpira ule bado ipo chini ya shingo.

Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, tumekuacha wa mwisho kwa sababu wewe ulikuwa pale pale. Ukisema gongo lilimgusa mtu, lilimgusa. Ukisema halikumgusa, kesho anacheza. Uliona nini?"

Mimi nimefundisha miaka yangu yote kwamba mtu akiulizwa alichoona, aseme alichoona. Nilisimama nikiwa na sentensi hiyo mdomoni. Kisha nikalisikia lile swali la Nyundo, kwenye kigoda changu, bila viatu: Yupi.

Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa nimeinama, nafunga kamba za viatu."

Kinyozi akaitazama miguu yangu. Muuza magazeti akaitazama. Mwenyekiti akainama kidogo, akachungulia chini ya meza, ambako vidole vyangu vilikuwa nje kama vilivyokuwa siku ya fainali na kila siku ya mwaka huu. Nilingoja. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu wake maneno ambayo sote tulikuwa tunayawaza. Mwenyekiti akashika kalamu, akaandika, akasoma: uamuzi wa mwamuzi unabaki, miaka miwili.

Nilifurahi. Nataka ujue hivyo kwanza, kabla ya mengine. Halafu nikatoka nje, na kinyozi, ambaye hajawahi kunipita bila utani, akanipita.

Nyundo alinisubiri getini. Akasema, "Mwalimu, kimya cha kengele nilikielewa. Hizi kamba za viatu ndizo zinanishinda."

Sikuona sababu ya kuficha tena. Nikamwambia, "Mwamuzi yule ni binti wa marehemu dada yangu."

Akasimama. Akauinua mkono wake wa kulia, akakikunja kidole cha shahada, akakikunjua, akakikunja tena, kama mtu anayejaribu kufuli.

"Wa vidole," akasema.

"Ndiye."

Akakitazama kile kidole muda mrefu. "Haya," akasema. "Huyu sasa nitamkumbuka."

Ningependa kukueleza alilisema vipi, kwa hasira au kwa namna nyingine. Unajua napenda kueleza. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na hilo nimeshindwa.

Kengele nimeitoa ulimi, ipo juu ya kabati. Wameniomba niendelee nayo msimu ujao, nikawaambia watafute mtu mwingine, hawakunibembeleza sana. Wewe endelea kukanda vidole kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, hata kama daktari amekata tamaa. Na ukija, njoo kwa njia ya nyuma, si ile ya kinyozini.

Mjomba wako