Mikono Mitupu Mbele ya Mashine ya Usingizi

Jumatatu, 4 Machi
Nimechemka tena! Mashine ya kuwalaza wagonjwa usingizi iko mbele yangu, picha yake iko kwenye kompyuta, na bado sioni kinachofanana. Kwenye skrini gesi inatokea kushoto. Kwenye mashine bomba lenyewe liko nyuma, chini. Nazungusha picha kwa mausi mpaka kichwa nacho kinazunguka. Mkufunzi anasema wengine wamejaliwa kuona maumbo kichwani, wengine hawakujaliwa. Asante sana! Mtihani ni Jumatatu ijayo. Nikianguka, chumba cha upasuaji nakisikia tu – narudi wodini kupima presha. Sirudi.

Jumatano, 6 Machi
Leo tumepewa kishikwambi. Unakiinua kwa mikono miwili mbele ya mashine, na humo unaona gesi ikipita palepale bomba lilipo. Ukisogea, nayo inasogea. Nimepiga kelele kama mtoto! Mwenzangu tunayemwita Ramani, maana yeye hapotei, kacheka: karibu duniani, dada.

Alhamisi, 7 Machi
Kishikwambi kutwa. Mikono imekufa ganzi.

Jumamosi, 9 Machi
Kwenye mtihani hakuna kishikwambi. Basi. Mume wangu anapiga pasi huku ananiuliza maswali. Nikijibu anasema hata ningemdanganya asingejua!

Jumatatu, 11 Machi
Nimeingia, mashine ileile mbele yangu. Msimamizi, mama wa makamo, kasema nieleze njia ya gesi, toka mtungini hadi kwa mgonjwa na kurudi. Nikainua mikono – mitupu! – kama nimeshika kishikwambi. Na gesi nikaiona! Maneno yakatiririka mpaka kwenye barakoa ya mgonjwa. Msaidizi wake akaguna kwa kicheko. Mama akauliza nimeshika nini. Kishikwambi, nikasema. Kiko wapi? Ardhi ingepasuka ningeingia. Akaniambia nishushe mikono, niendelee.

Nikashusha. Mashine ikawa chuma tupu.

Wamenitoa nje kidogo nitulie, kisha nimalizie njia ya kurudi. Naandika kwenye benchi la korido. Nina hasira, naogopa, na wodini siendi. Pumzi inatoka kwa mgonjwa, inapita bomba la pili, inaingia kwenye kopo la chembe zinazofyonza hewa chafu – kopo liko upande gani? Mkono wa kushoto unapanda wenyewe. Nimeukalia. Nafumba macho. Chini, kulia, nyuma ya mfuko wa hewa. Ndiyo. Halafu –

Wananiita. Naingia mikono mfukoni.