Maneno Yasiyomo Kitabuni

Afande, leo sikuiti hivyo kwa utani. Acha unachokifanya unisome.

Wazazi walialikwa kutazama kidato cha tatu wakiigiza tamthilia tunayoisoma. Unaujua msimamo wangu: matini kwanza, na jukwaani haliongezwi hata neno.

Yule binti mkimya, ambaye mwaka jana tulimzika mama yake, aliigiza bintiye tajiri anayebishana na baba. Katikati ya onyesho akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mama hakuteleza bafuni. Nilikuona."

Maneno hayo hayamo. Nimeifundisha tamthilia hii miaka yote, hayamo.

Watu wakashangilia. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Huyu ameiva." Baba yake wa kambo, aliyeketi safu ya mbele, hakupiga makofi.

Baadaye akanijia kwa sauti ya upole. "Mwalimu, yale ya bafuni ni ya mwandishi, au mwanangu kajitungia?"

Nikamjibu ni ya mwandishi. Mimi, nisiyeruhusu hata nukta ihame.

Akatabasamu. "Basi niazime kitabu, nami nijielimishe."

Kukataa kungekuwa kukiri. Nikampa.

Nimembakiza binti stoo kwa kisingizio cha kukunja maleba. Anakunja tu. Baba amesema atamsubiri getini, na kutoka dirishani namwona amekaa kwenye benchi la mlinzi, akifunua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole.

Njoo na wenzako, mpitie mlango wa nyuma. Tamthilia yenyewe ni fupi.