Koti Ndani ya Ngolo

Jumamosi, 11 Machi 1995
Mpepai, shambani kwa Mama. Ngolo tangu asubuhi. Wanaume tumefyeka, tukapanga nyasi miraba miraba mteremko mzima. Akina mama wakafuata na majembe: udongo juu ya nyasi, maharage, udongo tena. Katikati ya kila mraba linabaki shimo, ndiyo ngolo yenyewe. Jioni pombe. Mgongo hauna hali.

Jumapili, 12 Machi
Koti langu la mitumba halipo. Jana nilipopata joto nililivua, nikaliweka juu ya nyasi. Limefukiwa. Hakuna anayekumbuka ni mraba upi.

Koti si kitu. Mfukoni mna kaseti ya Agata akiimba wimbo wa kwao Lundo, ziwani. Sina sauti nyingine ya mke wangu. Ilikuwa nipite nayo Mbinga, lile duka jipya la kurekodi, wanitolee nakala. Tangu tumzike nasema nitapita. Mjinga mimi.

Nimeomba kufukua. Mama kakataa: maharage yako ardhini, tutakula nini? Kweli tupu. Nimemkasirikia hata hivyo.

Alhamisi, 6 Aprili
Kipindi cha fizikia, kidato cha tano. Wameniuliza kuhusu mashimo meusi ya angani, hayamo kwenye muhtasari. Nikaeleza. Kwa kanuni za uvutano, kinachovuka mpaka wa shimo hakirudi. Shimo lenyewe huvuja joto kidogo kidogo mpaka liishe, na joto hilo halisemi ni nini kiliingia. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, inakataa katakata. Habari za kitu hazifutiki. Choma, ponda, bado zipo mahali, hata kama hakuna awezaye kuzisoma. Kanuni zote mbili zimepimwa, hakuna iliyokosea. Ila ndani ya shimo haziwezi kuwa kweli pamoja.

Rozina, wa dawati la mbele: "Sasa Mwalimu, wewe uko upande gani?"

Nikasema kwanta. Kwa ukali mno. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Jumapili, 23 Aprili
Mvua. Maharage yametoa maua. Nayachukia.

Jumamosi, 15 Julai
Maharage yameng'olewa juzi. Leo nimefukua tangu asubuhi. Mama alikuja na jembe lake, akaanza upande wa chini. Ni yeye aliyelipata. Koti limeoza, vifungo tu ndivyo vizima. Nyasi zote zimekuwa udongo mweusi. Kaseti imo kwenye kasha lake, imejaa matope.

Jumatano, 19 Julai
Nimeuosha utepe, nimeukausha kivulini, nimeuhamishia kwenye kaseti nyingine. Nimetia redio betri mpya. Mvumo mtupu. Upande wa pili, mvumo. Utepe upo wote, haujakatika popote. Agata hayumo.

Najutia koti. Najutia nakala. Najutia hata kufukua. Wiki iliyopita alikuwa bado anaimba huko chini.

Alhamisi, 20 Julai
Rozina kauliza tena nani yuko sahihi, kwanta au uvutano. Nimemjibu sijui, hakuna ajuaye. Safari hii nimesema polepole.

Jumapili, 23 Julai
Mama katoka misa, kaomba na yeye asikie. Nilitaka kumwambia hamna kitu. Nikambonyezea. Akasogeza sikio, kanga kichwani, macho kafumba.

"Anavuta pumzi, baba. Alikuwa anavuta hivyo hivyo kabla hajaanza."

Tulikaa mpaka upande ukaisha. Nikageuza.