Mradi Mpya wa Karakana ya Zamani

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo unaendeleaje? Huku sote wazima. Mama anakusalimu na analalamika kwamba humpigii. Mimi afya ninayo, ila uvumilivu umeniishia.

Chuo kimetangaza kwamba kuanzia muhula ujao karakana yangu haina fungu. Ndiyo ile ninayofundishia kuchomelea, ambapo wanafunzi wanajifunza kwa kutengeneza viti vya magurudumu vya watu wasioweza kutembea. Hakuna tena hela ya gesi, wala vijiti vya kuchomelea, wala beringi za magurudumu. Mkuu wa chuo ametuita walimu na wafanyakazi wote, hadi mpishi na mlinzi, akasema kila mwenye mradi wake akautafutie ruzuku. Kisha akaunda kamati ya ruzuku. Kamati imekaa, imekunywa chai, imetuletea orodha ya wafadhili. Wa kwanza anafadhili vipepeo. Wa pili anataka chuo chenye maabara tusiyo nayo. Wa tatu anataka mradi wenye athari mtambuka. Nimemuuliza mwenyekiti wa kamati athari mtambuka ni kitu gani, akanijibu kwamba ndiyo hiyo wanayoitaka.

Wewe umeandika maandiko ya miradi miaka yote uliyokuwa kwenye lile shirika. Nami nimejaribu kuandika langu, nimeliambatisha hapa. Karakana ikifungwa, watu hawa hawana pengine. Mafundi baiskeli hawataki hata kuvigusa viti vyao. Nisaidie, tafadhali.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini tumezoeana. Mwambie Mama nitampiga simu Jumapili, asianze kunisema kwa majirani.

Nimesoma ulichoandika. Hilo si andiko la mradi, huo ni ugomvi. Aya ya kwanza unamsema Mkuu. Ya pili unaandika, “Tunatengeneza viti. Vikiharibika tena, tunavitengeneza tena.” Basi, umemaliza! Wenzako wanajaza makaratasi kuhusu vitu ambavyo hata havipo, wewe unacho kitu chenyewe na umekosa la kusema.

Nimekuandikia upya. Yupo mfadhili anayesaidia hasa miradi ya walimu na wafanyakazi wa vyuo vya jamii, na tatizo lake ni moja tu: hafadhili kinachoendelea, anafadhili kinachoanza. Kwa hiyo nimeandika kwamba mnataka kuanzisha karakana ya viti. Sikusema ipo, sikusema haipo. Nimeweka na utafiti wa awali, yaani kuhesabu kwanza wenye shida kabla ya kuwasaidia, maana wafadhili wanaupenda huo kama watoto wanavyopenda peremende. Jina langu nimeliweka kama mshauri.

Sasa nakujua, Bwana Mbishi. Usiongeze neno, usipunguze neno. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wewe inama tu, kusema niachie mimi.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tupo, Mama anakula vizuri.

Hongera, tumepita hatua ya kwanza. Wageni wa mfadhili wanakuja wiki ijayo kukagua. Mkuu, ambaye tangu nianze kazi hapa hajawahi kukanyaga karakana, sasa anaingia kila asubuhi na viatu vyake vya kung’aa. Ameamuru viti vyote vihamishiwe stoo nyuma ya jiko. Mitungi ya gesi ifunikwe turubai, na kibao chetu cha mlangoni king’olewe. Siku ya ugeni, mlinzi asimruhusu mwenye kiti yeyote kuingia. Chuo kinaomba karakana, anasema, hivyo haiwezekani ikaonekana karakana.

Nikamuuliza, “Kwa hiyo naficha kitu kilichopo ili nipewe hela ya kukileta?”

Akanipigapiga begani akasema sasa naanza kuelewa mambo ya ruzuku.

Dada, hili umelipika wewe. Niambie la kufanya kabla hawajafika, maana nikikaa kimya nitapasuka, na nikisema nitaharibu.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. U mzima kweli? Nilikujibu siku ile ile niliyopata barua yako, nikakwambia uvumilie, lakini naona wageni waliitangulia barua yangu. Tangu hapo kimya. Mama ameniambia kwamba unakula bila kusema neno na milango unaibamiza mpaka sahani zinalia kabatini. Umri huo?

Jana mfadhili mwenyewe amenipigia. Mmepata! Nimeshangilia peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Halafu ananiambia karatasi zote zimerudi isipokuwa saini yako, mwalimu mhusika. Ndiyo nini hiyo? Watu wanatafuta ruzuku mpaka wanaota mvi, wewe umeletewa mlangoni unaiangalia. Kama kuna jambo, sema. Kama ni ubishi wako wa utotoni, mimi sina nguvu nao tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tia saini.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na milango ni mizima.

Ulitaka niseme, haya nasema. Wageni walikuja, wakakuta chumba kitupu kimefagiliwa, wakakisifu kwamba kina nafasi nzuri. Mkuu akawaeleza jinsi watu wa mji huu wanavyoteseka kwa kukosa mahali pa kutengenezea viti. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimetulia kama ulivyoniagiza tangu Februari.

Wakati wa kutoka, getini alikuwepo Mama Kandambili. Ni yule muuza ndala wa karibu na stendi, ambaye kiti chake nimekitengeneza mara nyingi kuliko baiskeli yangu. Gurudumu lilikuwa limelegea, akaja kama kawaida, mlinzi akamzuia, naye akaona asubiri. Mgeni mmoja akainama kumuuliza anasubiri nini. Akasema anamsubiri fundi. Na mimi huyo fundi nimesimama pale pale, Mkuu kanikazia macho, nikaangalia chini. Mgeni akageuka na huzuni usoni, akasema uhitaji ni mkubwa kuliko alivyodhani. Hivyo ndivyo tulivyopata ruzuku yako.

Sasa sikiliza masharti. Mwaka mzima wa kwanza ni wa utafiti wa awali. Katika mwaka huo karakana isitengeneze kiti hata kimoja, maana tukiwasaidia watu tutaharibu takwimu za wasiosaidiwa. Na nani aliandika utafiti wa awali? Si mimi niliyemaliza kwa aya mbili.

Nilikataa kutia saini. Mkuu akasema bila ruzuku karakana inakufa kabisa na chumba kinakuwa ofisi ya kamati, lakini nikivumilia mwaka itarudi. Jana nimetia. Mkuu ametia kufuli. Furahi.

Mdogo wako


14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mama yuko salama, amelala. Mimi sijui nikuambie nikoje.

Kazi niliyopewa na mradi ni kuzunguka mitaani na dodoso. Juzi nikafika nyumbani kwa Mama Kandambili. Lile gurudumu lilichomoka moja kwa moja muda mfupi baada ya ugeni, wakati Mkuu bado ametuzuia kutengeneza, na tangu hapo hajatoka nje. Kiti kimelazwa ubavu kwenye kona, ndala zake zimo guniani, na sehemu yake pale stendi imechukuliwa. Akanikaribisha nikae juu ya ndoo. Nikaanza kusoma maswali yangu. Je, kukosa kiti kumeathiri shughuli zako kidogo, kiasi, au sana? Je, unaridhika na huduma zilizopo katika eneo lako? Alijibu yote kwa adabu, na mimi nikaandika. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mimi nilimuuliza ukurasa baada ya ukurasa.

Mwisho dodoso linataka nimuulize kama ana la kuongeza. Akaniangalia, akasema, “Fundi, umekuja na spana?”

Sikuwa nayo. Dada, nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimekwenda kwa mtu mwenye kiti kilichovunjika, mimi fundi wake, nimebeba kalamu.

Nikarudi chuoni, nikalikata lile kufuli kwa msumeno, nikachukua vifaa na kurudi kwake. Jana ametoka. Leo asubuhi wenzake walikuwa wamejaa getini, na mlinzi amewafungulia bila kumuuliza mtu. Wanafunzi wangu wako kazini hivi ninavyoandika. Mkuu ameniita ofisini mara mbili, sijaenda, mikono imejaa grisi.

Wewe ndiye mshauri wa mradi. Waambie unachotaka.

Mdogo wako


25 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa bado na kazi, na kama huna, ikukute mzima.

Nilianza kukukasirikia kwenye mstari wa kwanza, nikafika kwenye spana, nikaiweka barua mezani. Miaka yote ile nimeandika utafiti wa awali na sijawahi kukaa mbele ya mtu aliyekuwa anaulizwa.

Nimewaandikia watu wa mfadhili leo, na kwa mara ya kwanza sikutumia lugha yao. Nimewaambia karakana ilikuwepo tangu mwanzo, na kwamba maneno ya kuifanya ionekane haipo ni yangu. Nimewaambia takwimu zimeharibika kwa sababu watu wametengenezewa viti. Jina langu kwao limekwisha, na hela yao bila shaka wataichukua. Nimemwandikia na Mkuu. Usiniulize nimemwandikia nini, siku hiyo nilikuwa mbishi kuliko wewe.

Nimekwenda dukani, nimenunua beringi. Sikujua viti vinatumia za ukubwa gani, na muuzaji alinichoka, basi nimechukua za kila aina. Zinakuja na basi la kesho. Kazipokee.

Dada yako