Leo nilimugombeza Mama

Mantapala, Alhamisi

Tena ile swali! Kila wiki Mama Chola, mumama wa Zambia anayetusikilizaka sisi wakimbizi shida za moyo hapa kambini, anauliza nimeota nini, kama vile ndoto ni mihogo ya kupeleka soko. Leo nikamuambia: niko mu mtumbwi, na mama yangu amesimama ngambo ya Congo, amenipa mugongo.

"Ulitaka kumuambia nini?" akauliza, kwa Swahili yake ya kununulia samaki.

"Mutu alishakufa, utamuambia nini?"

"Mwambie sasa. Niko hapa."

Hasira ikanipanda, nikasimama nitoke. Lakini kwa mlango maneno yakatoka yenyewe: "Mama, kwa nini ulirudi nyumbani kuchukua mashine ya kushona? Tulikuwa tumeshafika kwa maji, kwa mtumbwi! Ulijua askari wako pale! Ile mashine ilikuwa na maana kunishinda mimi mutoto wako?"

Nilipiga kelele mpaka batu wa inje wakageuka kuangalia. Mama Chola hakuniambia nitulie.

Kwa kanisa wanasemaka mama yangu alikuwa malaika, na mimi naitikia amen. Kumbe miaka yote hii nilikuwa namukasirikia, na sikujua.

Bado nina hasira. Nina hasira na Mama Chola, juu ya kunifungua moyo vile batu wakisikia. Na mama yangu, zaidi. Angekuwa hapa ningemugombeza tena, mpaka...

Lakini jioni, nikikoroga bukari, ugali wetu, nikamulilia mama. Tangu tuvuke kuja Zambia, sikuwa nimemulilia.