Nilimwazima Mtoto wa Dada Ili Niikamate Mashine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mume wangu hajajua, mimi ni fundi cherehani na binti yangu hajatimiza miaka miwili, akinyonya anatoka jasho na kuhema, basi tukampeleka kliniki ya moyo, wakampaka mafuta ya baridi kifuani, wakapitisha kile kidude cha kupiga picha, na mpimaji hakusema neno, akakigeuza kioo nisikione, baadaye daktari akasema moyo una tundu, akaandika dawa ya maji, akasema picha itarudiwa halafu watapitisha mrija pajani hadi moyoni wapime vizuri zaidi.

Mimi si mjinga, kila mama aliyetoka chumba kile alitoka na habari ileile, tundu, tundu, nikajiuliza ni mashine gani isiyoona mzima hata mmoja, na mama mkwe akanijaza maneno kwamba wanajifunzia kwa watoto wetu. Siku ya kurudia picha nikamwacha wangu kwa jirani, nikamwazima binti wa dada yangu, wanalingana na yeye ni buheri wa afya, dada nikamwambia nakwenda kumnunulia viatu, nikampimisha kwa jina la wangu, nione kama naye ataambiwa ana tundu. Mashine ikasema hana tundu. Daktari akafurahi, eti limeziba lenyewe, akafuta kile kipimo cha mrija, akasimamisha dawa, mume wangu akawapigia simu ndugu wote, na sasa wangu anahema kuliko mwanzo. Nikisema ukweli nitaachika, na hospitali watanishtaki. Tena bado najiuliza, labda picha ya kwanza ndiyo iliyokosea?

Fundi Cherehani

Binti yangu, nimepiga namba uliyoacha, hupokei. Bila shaka unanishuku na mimi. Basi nakujibu hapa mbele za watu.

Pole kwa hofu, mama yeyote angeogopa. Lakini ulikwenda kliniki ya moyo ukashangaa kukuta wagonjwa wa moyo. Ulitaka ukute wanaoumwa meno? Mpimaji alinyamaza kwa sababu kutoa majibu ni kazi ya daktari. Ungeuliza, ungeambiwa. Wewe fundi, ukishuku kipimo cha mteja unampima tena yeye, humpimi mwenzake ukamkatia yeye nguo.

Leo hii mbebe mtoto wako mwenyewe umpeleke hospitali, na akihema sana au midomo ikibadilika rangi, nenda moja kwa moja chumba cha dharura. Mwambie daktari, "Mliyempima mara ya pili si huyu." Dawa iliyobaki usimpe kwa kukisia. Wakikufokea, vumilia. Kisha uliza yote: mrija unatafuta nini, nani anauingiza, mwanafunzi yupo au hayupo. Hiyo ni haki yako. Mumeo mwambie njiani, dada yako muombe radhi, mama mkwe abaki nyumbani na maneno yake.

Unauliza kama picha ya kwanza ilikosea. Uliipelekea mashine mtoto mgonjwa, ikasema mgonjwa. Ukaipelekea mzima, ikasema mzima. Aliyedanganya mle chumbani ni mmoja tu, na mtoto wake ndiye anayehema.